Jina Lililoandikwa Kwenye Samansi

Samansi za kesi ninazoshughulikia haziandikwi jina la wizara. Huandikwa jina la mtumishi mwenyewe wa serikali kuu ya Marekani, kama lilivyo kwenye leseni yake ya udereva. Anadaiwa yeye binafsi, na fedha zinazotakiwa ni za mfukoni mwake. Hata mawakili wengi hawalijui hilo. Wakisikia kwamba mimi ni wakili wa Wizara ya Sheria wanadhani kazi yangu yote ni kulinda hazina. Hiyo nayo naifanya, ila inayonikosesha usingizi ni hii ya mtu mmoja mmoja.

Kesi hizi zilianzia Brooklyn, jijini New York. Novemba 1965 maofisa wa serikali kuu wa kupambana na dawa za kulevya waliingia nyumbani kwa Webster Bivens bila hati yoyote, wakamtia pingu mbele ya mkewe na watoto, wakatishia kuikamata familia nzima. Alidai dola 15,000 kutoka kwa kila ofisa. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba anaweza kuwashtaki wao wenyewe kwa kuvunja Katiba. Mimi niko upande wa pili wa kesi za namna hiyo, na bado naamini Bivens alistahili kusikilizwa.

Mteja mpya nampigia simu mwenyewe, simwachii karani. Nitasimulia ya muuguzi mmoja wa gereza la serikali kuu, aliyeshtakiwa na mfungwa aliyeugua usiku wa zamu yake, nikiwa nimechanganya habari za wateja kadhaa ili asitambulike yeyote. Aliipokea simu akiwa ndani ya gari, kwa sababu hakutaka watoto wasikie. Hakuniuliza lolote kuhusu Katiba. Aliuliza, "Nyumba wataichukua?" Yeye na mumewe walikuwa wameomba mkopo wa kununua nyumba, na fomu ya benki huuliza kama una kesi inayoweza kukutia kwenye deni. Alikuwa ameweka alama kwenye "ndiyo", na benki ikataka kuona hati ya madai.

Hapo ndipo pagumu, maana siruhusiwi kumpa faraja isiyo ya kweli. Wizara ikishakubali kwamba alikuwa akitenda ndani ya mipaka ya kazi yake, na kwamba kumtetea kuna maslahi kwa taifa, anapata wakili bila kulipa hata senti. Lakini akishindwa, hukumu ni yake. Serikali inaweza kuamua kumlipia, ila hailazimiki, na kwa kawaida haitoi ahadi mapema. Namweleza hivyo hivyo, bila kupaka mafuta. Kisha namwambia jambo ambalo wengi hawaliamini mara ya kwanza: atakayoniambia ni siri kati yangu naye, ingawa mshahara wangu unatoka kwa mwajiri wake. Siyapeleki kwa mkuu wake wa kazi, wala siwapi wenzangu wizarani wayatumie dhidi yake. Kanuni zetu zinasema hivyo waziwazi, na bila hizo nisingeifanya kazi hii hata siku moja.

Muuguzi huyu aliponiamini, alisema kwamba usiku ule askari wa zamu alichelewa kufungua mlango wa seli. Askari huyo naye alikuwa ameshtakiwa, na faili lake lilikuwa mezani kwangu. Kuanzia dakika ile nisingeweza kuwatetea wote wawili. Askari akatafutiwa wakili wa nje kwa gharama ya serikali, mimi nikabaki na muuguzi.

Hati ya madai ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, herufi kubwa zote, kurasa zimejaa hadi pembeni. Mfungwa aliiandika mwenyewe, hakuwa na wakili. Sheria inamtaka jaji aisome hati ya namna hiyo kwa moyo mkunjufu, asiitupe kwa sababu ya lugha au mpangilio. Nami naisoma hivyo hivyo. Kidole tumbo kilikuwa kimempasukia, na maumivu aliyoyaeleza yalikuwa ya kweli. Sikuwahi kuyabishia. Na tangu mwaka 1980 mfungwa anaweza kumshtaki mtumishi wa gereza kwa kupuuza ugonjwa wake kwa makusudi, kwa hiyo kesi haikuwa ya kufutwa kirahisi.

Iliyotuokoa ni rekodi ya zahanati. Saa nane na dakika kumi usiku: joto la mwili, mapigo ya moyo, tumbo gumu upande wa kulia, daktari amepigiwa. Nusu saa baadaye: daktari amepigiwa tena. Aliyeandika vile hakuwa amempuuza mgonjwa. Jaji alimwondoa muuguzi kwenye kesi, lakini ulikuwa umepita zaidi ya mwaka, na mkopo ulishakataliwa.

Na mfungwa je? Sheria ya mwaka 1946 inamruhusu aliyeumizwa na uzembe wa mtumishi kuishtaki serikali kuu yenyewe. Husikilizwa na jaji peke yake, na fidia hutoka hazina. Lakini lazima kwanza apeleke dai kwa idara husika ndani ya miaka miwili. Yeye hakupeleka. Alimshika aliyemwona kwa macho usiku ule, na alipokuja kujua, muda ulikuwa umeisha. Nilishinda kesi ile na bado inaniuma.

Haya ni maoni yangu, si ya ofisi. Mwaka 1988 Bunge la Marekani liliwatoa watumishi kwenye kesi za uzembe wa kawaida wakiwa kazini, likaiweka serikali mahali pao. Kesi za Katiba likaziacha nje. Tangu hapo Mahakama ya Juu imeubana mlango uliofunguliwa na kesi ya Bivens, hasa kwa hukumu ya kesi iitwayo Egbert ya mwaka 2022, hata wengi walioonewa hawana wa kumshtaki kabisa. Bunge lifanye kwa Katiba lilivyofanya kwa uzembe: serikali ilipe, na mtumishi aliyekosa aadhibiwe na mwajiri wake. Muuguzi angepata nyumba yake, na mwenye tumbo lililopasuka angekuwa na mdaiwa mwenye uwezo wa kumlipa.

Kwa sasa, mwenye ndugu aliye kwenye gereza la serikali kuu au aliyeumizwa hospitali ya serikali kuu amsaidie kujaza mapema Fomu 95, ile ya kupeleka dai kwa idara husika, hata kama anataka kumshtaki mtu kwa jina. Aandike kiasi kamili cha fedha anachodai, kwa tarakimu. Fomu isiyo na kiasi haihesabiwi kuwa dai, na ile miaka miwili inaendelea kuhesabika.