Kumbukumbu ya mradi: usiku wa nne, hatimaye nimelala

Jana nimelala kuanzia saa nne usiku mpaka kukapambazuka, sikuamka hata mara moja. Hema liko nyuma ya nyumba, najaribu vifaa vya kulalia kabla ya safari, na kipimajoto nilichokitundika nje yake kilishuka hadi nyuzi 8. Naandika kabla sijakunja hema, maana wiki iliyopita nilikuwa karibu kuiahirisha safari nzima kwa sababu ya baridi ya usiku.

Ni safari yangu ya kwanza ya kulala nje: Ijumaa jioni hadi Jumapili, mimi na mdogo wangu. Orodha yote sitaiandika. Hema, jiko, taa, maji, huduma ya kwanza, hayo mnayajua. Kilichonisumbua ni kulala, na nashukuru niliamua kujaribu kila kitu nyuma ya nyumba kwanza.

Usiku wa kwanza niliamka saa nane na nusu natetemeka. Begi la kulalia limeandikwa kuwa linafaa mpaka nyuzi 5, na nje zilikuwa 9. Nikaona nimeuziwa begi bovu. Usiku wa pili nikavaa sweta mbili, nikajifunika na blanketi juu ya begi. Hali ikawa mbaya zaidi! Kifua kinatoka jasho, nyonga imeganda. Nikigeukia kulia, upande wa kulia unapoa na wa kushoto unapata joto. Nikigeukia kushoto, kinyume chake. Niligeuka hivyo mpaka saa kumi ndipo nikaingia ndani ya nyumba nimechoka na nimekasirika.

Asubuhi mdogo wangu ndiye aliyeinua godoro la upepo. "Kaka, hebu weka mkono hapa." Upande wa chini wa godoro ulikuwa na umande, na sakafu ya hema ilikuwa baridi kama sufuria iliyolala nje. Pale nilipokuwa nimelalia nyonga palikuwa na alama ya unyevu yenye umbo langu. Tukatazamana. Muda wote nilikuwa naongeza nguo juu, na baridi inanipanda kutoka chini.

Ukishalielewa jambo hili halikutoki. Begi la kulalia halitengenezi joto. Linazuia hewa iliyopashwa na mwili isitoke, na hewa hiyo imekaa ndani ya ule ujazo uliotuna. Ukiulalia, ujazo unabanwa na hewa inaisha, kwa hiyo chini yako unabaki na kitambaa tu. Godoro langu nalo ni mfuko mtupu wenye upepo, hauna chochote ndani. Hewa yake inazunguka huku na huku, inachukua joto la mwili na kulikabidhi ardhi. Na zile sweta mbili zilikuwa zinausukuma ujazo wa begi kutoka ndani, nikawa naliharibu mwenyewe.

Kisha nikasoma namna namba za begi zinavyopatikana. Katika kipimo cha kimataifa, ISO 23537, sanamu ya umbo la mtu inayopashwa joto huvalishwa nguo nyepesi na kulazwa juu ya godoro linalozuia baridi. Kwa hiyo ile namba 5 ilikuwa inadai godoro ambalo mimi sikuwa nalo. Begi langu halikuwa na kosa lolote, na nimelirudishia heshima yake.

Magodoro ya kambi hupimwa kwa namba inayoitwa R: ikiwa kubwa, joto linapita chini kwa shida zaidi. Langu ni R 1. Godoro la povu la kukunja, lile jepesi lenye vibonde kama trei ya mayai, ni R 2. Jambo zuri ni kwamba namba hizi zinajumlishwa: weka moja juu ya jingine, unapata 3. Usiku wa tatu nililaza povu nusu tu, kuanzia mabega hadi nyonga, ili nione kama ninajidanganya. Mgongo ulikuwa na joto, miguu ikaniamsha saa kumi na moja. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Povu nimelikata. Lilikuwa sentimita 183 na gramu 400. Limebaki sentimita 120 na takriban gramu 260. Miguu inakaa juu ya begi la mgongoni lililokwisha kumwagwa vitu, upande wenye sponji ukiwa juu. Povu naliweka chini ya godoro la upepo, kwa sababu linalikinga na miiba na pia godoro haliteleziteleza. Kisu cha kawaida cha blade moja ndicho kilichokata povu vizuri. Kile chenye vifaa kumi na viwili kimepinda ncha kwenye kazi ndogo kama hiyo, sikibebi.

Nilipanga wiki hii nijaribu jiko kwenye upepo. Sijaligusa, kwa sababu povu lilinipeleka kwenye mizani. Nilinunua mizani ya kuning'iniza mizigo na sasa napima hata soksi. Mara ya kwanza begi la mgongoni lilisoma kilo 14.8. Nina kilo 62, na wazoefu wengi hushauri mzigo usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili, yaani kwangu kilo 12.4. Nimetoa kiti cha kukunja (gramu 900), shoka dogo (900), suruali ya jinzi (700) na sufuria ya pili (400). Suruali ya jinzi isiende kabisa: ikilowa haikauki. Nikaongeza povu, na mizani ikasoma kilo 12.2 pamoja na lita 3 za maji. Maji peke yake ni kilo 3, hayo siyapunguzi.

Mpangilio nao umebadilika. Begi la kulalia liko chini kabisa, ndani ya mfuko mzito wa taka uliofungwa fundo. Naliamini fundo hilo kuliko kifuniko cha mvua cha begi. Maji na hema viko katikati, vimegusa mgongo. Mara ya kwanza nilikuwa nimeweka hema mfukoni kwa nje, begi likanivuta nyuma kila hatua. Taa ya kichwani iko mfuko wa juu, betri za akiba kando yake.

Bado povu halina mahali. Hata likikunjwa haliingii ndani ya begi la mgongoni, na nikilifunga ubavuni kwa kamba linapiga kiwiko cha kushoto. Mdogo wangu anataka tulifunge chini ya begi kwa mikanda miwili. Leo jioni tunatembea nalo saa nzima tuone.