Ile "tu" ya mama

Leo siku ya nne na bado sijui kama mama alisema "hamali" au "hamali tu".

Mnazijua simu zetu za Jumapili. Yeye kule Mombasa ameshaswali Isha, mimi huku Alameda, California, chai ya asubuhi iko mezani. Jumapili hii nilikuwa nimepakata koti la marehemu mume wa bibi, yule bibi wangu wa miaka 97 ninayemhudumia. Beji ya kitambaa ya kikosi chake cha zamani ilikuwa imebanduka upande mmoja na nyuzi za ukingo zimefumuka. Bibi hakutaka kusikia habari ya gundi wala cherehani. Alitaka ishonwe kwa mkono, nami nikamwambia mkono ninao, nimefunzwa na mshona kofia za vito.

"Mbona wasema kama una kitu mdomoni?" mama akauliza.

"Uzi, mama. Nashona."

"Washona nini?"

Nikatafuta neno. "Kiraka. Si kiraka hasa, beji. Ya askari wa vita vya pili, alikuwa kikosi cha ndege cha jeshi la majini la Marekani."

"Alipigana wapi?"

"Kikosi chao hakikuwa cha kupigana. Kilikuwa cha kubeba. Mizigo, barua, watu."

Akanyamaza. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe.

"Aa. Hamali."

Au "Aa. Hamali tu." Hapo hapo akasema bando lamwishia, tukaagana.

Wasomaji wa zamani mnajua baba alikuwa nani. Mnajua alivyobeba magunia ya kahawa Kilindini mpaka bega la kulia likawa chini kuliko la kushoto. Na mama huyu huyu ndiye aliyevaa buibui jua la saa nane akaenda kugonga mlango wa jirani, kwa sababu mwanawe aliniita mtoto wa hamali pale chuoni. "Ni hamali, ndiyo," alimwambia yule mama, "na mchele uupikao, yeye kaushusha." Nilikuwa nimeshika pindo la buibui lake, nikasikia kila neno. Sasa mtu kama huyo aseme "tu"?

Wiki hii tumehamia nyumba mpya na wifi yangu kajifungua mapacha, Alhamdulillahi, lakini mimi usiku nashona na kumjibu mama kichwani.

Namwambia: mama, huduma ya uchukuzi wa angani ya jeshi hilo iliundwa tarehe 12 Desemba 1941, siku tano tu baada ya Pearl Harbor, kituo chao cha majini kule Hawaii, kupigwa. Kikosi hiki, VR-2 kama beji inavyosema, kilianzishwa hapa hapa Alameda mwezi wa Aprili 1942. Kituo chenyewe kilifungwa 1997, lakini ghuba zilikotua ndege za majini ipo, siku hizi wanashukia abiria wa boti za San Francisco, na mimi napita pale nikienda kazini. Kutoka huku hadi Honolulu ni karibu kilomita 3,850 na katikati hakuna hata jiwe la kukanyaga. Mwaka 1944 ndege moja kubwa iliyoitwa Mars ilifikisha Hawaii mzigo wa zaidi ya tani 9 kwa safari moja. Mwaka huo huo ukielekea mwisho, damu ya watu waliojitolea pwani hii ilipakiwa ndani ya barafu ikapelekwa kwa ndege hadi Guam, igawiwe majeruhi. Damu, mama! Hiyo nayo ni mzigo.

Juzi usiku, nilipofika kwenye herufi, nikasimama. Kwa jeshi lao la majini, V ni chombo cha angani kilicho kizito kuliko hewa. Na R? R ni uchukuzi. Basi anayefanya uchukuzi ni nani kama si mchukuzi, na mchukuzi kwetu ni nani kama si hamali? Mama hakuongeza wala hakupunguza. Aliisoma ile beji bila kuiona.

Kama hakusema "tu".

Jana nilimpelekea bibi koti. Kwanza aligeuza ndani akatazama upande wa nyuma wa mshono, kama afanyavyo mama akipewa kofia ya mtu mwingine, nami nikashusha pumzi maana nyuma nilikuwa nimepasafisha. Kisha akapitisha kidole juu ya ile namba 2, polepole, akaniambia mumewe hakuacha desturi moja maisha yake yote. Sanduku lolote, hata mfuko wa viazi, aliuinua kidogo kwanza akautua, akaupima kwa mkono, ndipo aubebe.

Nilikwenda jikoni nikafungua bomba la maji. Baba alikuwa akifanya vivyo hivyo. Kila gunia, inua, tua, halafu begani. Nilidhani ni yake peke yake.

Baba hakushonewa namba ya kikosi. Alishonewa kofia, ya vito, mama aliifanya miezi mingi, naye baba akaivaa Ijumaa na Idi mpaka alipokufa. Iko kwenye sanduku la mama, ndani ya kanga. Hairuhusu iguswe, hata na mimi. Sasa nikiisikiliza ile sauti tena, kijiko, kimya, "Aa", naisikia imelegea mwishoni, kama mtu aliyetajiwa jina la mtu wake. Usiku nikilala naisikia hivyo. Asubuhi sina hakika tena.

Jumapili nitapiga. Kumuuliza siwezi.

Breki za gari zimeanza kulia tangu jana, na kesho saa kumi na moja alfajiri napita lile handaki la chini ya maji kwenda Oakland. Fundi anasema nafasi ni Alhamisi ijayo.