Rathmullan hadi Derry: ardhi ya waliobaki

Rathmullan ni kijiji cha ufukweni katika kaunti ya Donegal, Ayalandi. Nilishuka basi pale mvua ikinyesha rasharasha, nikaenda moja kwa moja majini. Hapa ndipo Septemba 1607 Hugh O'Neill na Rory O'Donnell, mabwana wakubwa wa Ulster, jimbo la kaskazini mwa Ayalandi, walipopanda meli kukimbilia bara la Ulaya pamoja na jamaa zao. Vita vyao na Uingereza vilikwisha 1603, lakini amani haikuwapa usalama. Wote wawili wamezikwa Roma.

Kijijini pana sanamu ya shaba ya kukumbuka kuondoka kwao. Mimi mawazo yangu yalikuwa kwa waliobaki: wakulima na wafugaji ambao kesho yake waliamka wakiwa hawana wa kuwasemea. Serikali ya Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza ilitwaa ardhi ya kaunti 6, ikaikata vipande vya ekari 1,000, 1,500 na 2,000, na sehemu kubwa ikawapa Waingereza na Waskoti. Sharti lao lilikuwa kuleta walowezi Waprotestanti, kujenga ngome na kuwaondoa wenyeji. Wenyeji wachache walipewa vipande pia, ila kodi yao ilikuwa maradufu ya ile ya mgeni. Yaani mtu anyang'anywe shamba la babu yake, kisha alipie kipande chake zaidi kuliko aliyefika jana!

Kwenda Derry, mji wa Ayalandi ya Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, unavuka mpaka wa nchi mbili bila kusimamishwa na mtu. Vibao vya barabarani tu ndivyo vinavyobadilika, kilomita zikawa maili. Mji wenyewe umezungukwa na ukuta mnene uliojengwa kati ya 1613 na 1619 kwa fedha za kampuni za wafanyabiashara wa London, ambazo Mfalme alizibana zichangie. Nilitembea juu yake mzunguko mzima, kama kilomita moja na nusu. Mizinga bado imepangwa. Kwenye mmoja mkubwa nilipapasa maandishi yaliyoandikwa kwenye chuma: jina la kampuni ya wauza samaki ya London, na mwaka 1642.

Lililoniuma zaidi ni jiwe lililomo katika kanisa kuu la Mtakatifu Columb, la mwaka 1633. Linasema kwamba mawe yangekuwa na ulimi, yangeisifu London iliyojenga kanisa na mji huu kutoka chini kabisa. Kutoka chini! Kilima hiki kilikuwa na monasteri tangu karne ya 6, na Columb mwenyewe, anayetajwa kuwa mwanzilishi wake, alikuwa mwana wa Donegal.

Walowezi walioletwa hawakutosha, kwa hiyo wenyeji wengi waliachwa kama wapangaji kwenye ardhi iliyokuwa yao. Mwaka 1641 hasira ililipuka, na maelfu ya walowezi wakafa, wakiwemo wanawake na watoto ambao hawakuwa wamekata kipande cha mtu yeyote. Vifo vyao navyo naviweka kwenye hesabu ya waliokaa mezani kugawa ardhi ya watu.

Kabla ya kuteremka nilimuuliza mwongozaji ukuta huu ni wa nani sasa. Nilitarajia aseme manispaa. Akajibu kwamba bado ni mali ya The Honourable The Irish Society, chombo kilichoundwa London kusimamia ulowezi huo.