Mjomba, moto na mbao

Tangu tumzike mjomba, kila anayekuja kutupa pole ana kisa cha moto. Huyu anakumbuka ngazi, yule anakumbuka mtoto aliyeshushwa dirishani, mwingine anasimulia king'ora utadhani ndiye aliyekuwa ameshika usukani. Nawasikiliza na nawashukuru. Ila mjomba ninayemjua mimi amesimama mbele ya jiriwa, kile kibanio cha kushikia mbao, penseli sikioni, akinung'unika kwamba bawaba za siku hizi ni bati tupu.

Alistaafu zimamoto nikiwa bado mwanafunzi. Useremala alikuwa nao tangu ujana, akiufanya siku za mapumziko, na alipostaafu ukawa ndio maisha yake. Kwa hiyo mimi nililelewa na fundi ambaye zamani alikuwa askari wa zimamoto. Usiku huu nimejaribu kuzitenganisha kazi zake hizo mbili nimwandike vizuri, nimeshindwa.

Karakana yake, kwa mfano. Patasi zilipangwa kwa upana, nyembamba mwanzo, pana mwisho. Randa zililala ubavu ili makali yasiguse meza. Msumeno ulitundikwa kulia kwa mlango, na ole wako uutundike kushoto. Nilidhani ni ukali wa kiaskari tu, hadi umeme ulipokatika tukiwa kazini naye akanyoosha mkono gizani akaichukua patasi aliyoitaka, akaendelea kuchonga. Ndipo akanieleza. Ndani ya nyumba iliyojaa moshi huoni hata kiganja chako. Unatambaa, kwa kuwa hewa yenye nafuu imebaki karibu na sakafu, na mkono mmoja hauachi ukuta, maana ukuta huohuo ndio utakaokurudisha nje. Aliyefanya kazi hivyo miaka mingi hayaamini tena macho peke yake. Hata ubao uliokwisha kupigwa randa aliukagua kwa kupapasa, amefumba macho, na kidole chake kiliona kovu ambalo mimi sikuliona hata kwa taa.

Lakini alichokipenda hasa ni milango. Meza alitengeneza, viti pia, vitanda vichache kwa kulazimishwa. Mlango aliutengeneza kwa raha. Alikuwa akiniambia kwamba ubao haufi ukikatwa: hunywa unyevu ukavimba, hukauka ukasinyaa, na hufanya hivyo kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno. Ndiyo maana ubao wa katikati ya mlango hakuupaka gundi. Aliuingiza kwenye mfereji wa fremu, akauachia nafasi ya kujinyoosha. Fremu yenyewe aliifunga kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao mmoja iliyochongwa iingie kwenye tundu la mwenzake, ulimi ukiingia kwa kusukumwa na mkono, si kwa kugongwa na nyundo. Ukihitaji nyundo, alisema, hujamaliza kuchonga. Mlango wake ulifunga kwa mlio mmoja mdogo, na pengo lake lilikuwa sawa pande zote.

Wateja waliona urembo. Yeye aliona moshi. Katika moto wa nyumba, wanaokufa kwa moshi ni wengi kuliko wanaokufa kwa kuungua, na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu usingizini. Mlango uliofungwa vizuri huuchelewesha moshi na joto, na dakika chache za kucheleweshwa humtosha aliye chumbani kuamka, kutoka dirishani au kufikiwa. Kila alipomkabidhi mtu mlango alimwambia maneno yaleyale: ulale umeufunga. Baadhi walimwona mzee mwenye wasiwasi. Nadhani kila mlango aliotengeneza ulikuwa kazi ya zimamoto iliyofanywa mapema, kabla ya moto kuwaka, ingawa yeye mwenyewe asingesema maneno makubwa kama hayo.

Alikuwa na desturi iliyotuchekesha sana. Kabla ya kufungua mlango wowote uliofungwa, hata wa chooni, aliugusa kwanza kwa nyuma ya mkono. Mlango ukiwa na joto, huufungui. Na unatumia nyuma ya mkono ili, ukiungua, kiganja kibaki kizima cha kutambalia.

Hakuwa mwalimu mpole. Hili wazungumzaji wa mazishini walilipitia mbali. Alifoka, alirudisha kazi ya mtu mara nyingi bila kusema kasoro iko wapi, na binamu yangu mmoja aliacha ufundi kwa sababu yake. Jambo ambalo hakulisamehe kabisa ni vitambaa vyenye mafuta ya kitani, yale tunayopaka mbao. Mafuta hayo yanapokauka huungana na hewa na kutoa joto. Kitambaa kikiwa kimekunjwa au kimerundikwa, joto hukosa pa kwenda, hupanda, na kitambaa huwaka chenyewe, bila kiberiti wala cheche. Kwa hiyo tulivitandaza nje kimoja kimoja hadi vikakamaa, au tulivitia kwenye kopo la chuma lenye maji na kulifunika. Aliyesahau alitolewa karakanani siku hiyo. Sikuwahi kuiona adhabu hiyo kuwa kubwa mno.

Ubishi alioupenda ulikuwa wa mbao na chuma. Mtu akisema nyumba ya mbao ni kuni zilizosimama, mjomba aliweka chini kikombe. Boriti nene, alisema, huungua polepole, chini ya milimita moja kwa dakika, na tabaka la mkaa linalojifanya juu yake huukinga moyo wa mti. Chuma kisichokingwa kikifika nyuzi joto 600 hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, tena kinapinda kabla ya kukuonya. Alikuwa sahihi kuhusu boriti. Kuhusu mbao nyembamba hakuwa sahihi, na alilijua hilo, ila ubishi ulikuwa mtamu.

Mwaka 2022 nilimsomea habari kwamba Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, lile la vilivyothibitishwa. Vumbi la mbao lilikuwa limo kwenye kundi hilo tangu miaka ya tisini. Alicheka hadi akakohoa: "Basi kazi nimezichagua mwenyewe, sina wa kumlaumu." Kisha akaniambia kwamba enzi zao koti lenye masizi lilikuwa sifa, aliyekuja na koti safi alionekana mgeni wa kazi. Hakuna aliyewaambia kwamba masizi yale waliyapeleka majumbani. Tangu siku ile alivaa barakoa karakanani, akatulazimisha na sisi, hata kwa kupiga msasa kidogo tu.

Sasa familia inajadili vifaa vyake. Mmoja anataka viuzwe vyote tugawane, mwingine anataka patasi zitiwe kwenye fremu ya kioo zitundikwe sebuleni, jambo ambalo lingemuudhi kuliko kuuzwa. Mimi nimesema apewe binti yake wa mwisho. Ndiye pekee aliyefundishwa kuzinoa akavumilia kufokewa hadi akajua, na ana mlango wa mteja ambao baba yake aliuacha bila bawaba. Kikao ni Jumamosi.