Nilivyofuata mchujo wa 2020 bila kuchanganywa na TV

Mimi ni Mkenya, nimeishi Minnesota miaka mingi, na 2020 ndio nilipiga kura ya mchujo wa rais kwa mara ya kwanza kama raia. Kwa wale hawajui, mchujo ni pale chama kinatafuta nani atapeperusha bendera, ni kama nominesheni zetu za nyumbani tu, ila hapa inaenda miezi, jimbo hili leo, lile wiki ijayo, na katikati TV inapiga kelele kila siku. Nilikuwa nafanya shifti za usiku kwa nyumba ya wazee na pale sebuleni TV hukaa kwa stesheni za habari mpaka asubuhi, so hata ukitaka kukwepa utakwepea wapi.

Jimbo la Iowa ndio lilinichosha. Tarehe 3 Februari tumengoja matokeo, ile programu ya simu ya kutuma hesabu ikagoma, matokeo hakuna, lakini wachambuzi wamejipanga mezani wanaongea masaa na masaa, nani amepata upepo, nani ameishiwa. Upepo gani na hesabu haijatoka? Wanatangaza siasa kama derby ya Gor na Ingwe, na hata hapo mtangazaji angalau hungoja bao lifungwe.

Nikaamua nijue kwanza hii kitu inaamuliwaje. Nikatafuta sheria za chama cha Democratic nikasoma mwenyewe polepole nikiwa brek. Kumbe hesabu yote ni wajumbe, yaani watu wanaoenda kongamano la chama kumpigia mgombea. Mwaka huo wajumbe wa kupiganiwa walikuwa 3,979, na mtu alihitaji 1,991 kushinda raundi ya kwanza kwa kongamano la chama. Halafu, na hii ndio sikuwahi kusikia ikielezwa vizuri kwa TV, jimbo halimpi mshindi kila kitu, linagawa kulingana na kura, bora uwe umefikisha asilimia 15, chini ya hapo unaenda nyumbani mikono mitupu. Nikatoa daftari nikachora mistari, jina huku, wajumbe pale. Basi.

Hilo daftari lilinisaidia kuliko stesheni zote. Ikaja New Hampshire, Bernie Sanders akaongoza, Pete Buttigieg nyuma yake kidogo tu, TV usiku mzima ni Sanders ameshinda Sanders ameshinda, mimi naandika 9 kwa 9. Amy Klobuchar, seneta wetu wa huku, akapata 6. Joe Biden alikuwa wa nne Iowa na hapa wa tano, sufuri kabisa, jamaa walimzika na matanga wakala. Sasa nikapiga hesabu, Iowa 41, New Hampshire 24, jumla 65. Sixti-faivu kati ya karibu elfu nne! Haifiki hata asilimia 2, na watu wameshaambiwa kazi imeisha. Tena ni majimbo mawili yenye wazungu wengi mno, wapiga kura weusi ambao ndio uti wa mgongo wa chama hawajaulizwa bado.

Kura za maoni nazo nilijifunza kusoma ile mistari midogo ya chini. Huyu ana 24 yule ana 21, kiwango cha makosa ni 4 juu au chini, hapo hakuna anayeongoza bana, lakini kichwa cha habari kitasema fulani apaa. Nikaacha kuzifungua. Midahalo nayo nilikuwa naangalia yote mwanzo mwisho, maana ule wa Las Vegas tarehe 19 Februari, kesho yake klipu zilizozunguka kwa WhatsApp ni mgombea Elizabeth Warren akimchapa kwa maneno mgombea mwenzake Michael Bloomberg tu, na kweli alimchapa, lakini kulikuwa na maneno marefu ya bima ya afya ambayo kwangu mimi mfanyakazi wa wazee ndio yalikuwa chakula.

Minnesota ilifungua kura za mapema tangu Januari. Dada mmoja tunafanya naye kazi alienda mapema akampa Klobuchar. Mimi nikasema nangoja, majimbo bado yanaongea. Sasa ona: tarehe 29 Februari South Carolina ikamfufua Biden, wajumbe 39 kwa mpigo mmoja dhidi ya 15 za Sanders. Kesho yake Buttigieg akajitoa. Jumatatu Klobuchar naye akajitoa akamuunga Biden, na sisi tunapiga kura Jumanne! Mwaka huo hapa ungeweza kurudisha kura ya mapema ukapiga upya, lakini mwisho ulikuwa wiki moja kabla, kwa hiyo dada wa watu alikuwa ameshafungiwa nje.

Jumanne tarehe 3 Machi nimetoka shifti nikaenda moja kwa moja kituoni. Unaulizwa unataka karatasi ya chama gani, na mwaka huo hiyo chaguo iliandikwa na vyama vikapewa, kitu wengi hawakupenda. TV ilikuwa imeshasema ni Biden na Sanders, wengine wote mnapoteza kura. Mimi nikampa Warren, kwa sababu ya yale ya afya na kwa sababu daftari liliniambia akigusa 15 anahesabiwa.

Usiku habari ni moja, Biden amechukua Minnesota. Kweli, 38. Sanders 27. Na Warren alipita ile 15 kwa unyoya akabeba 10. Alhamisi akajitoa pia, sawa, lakini 10 zangu nilikuwa nimeshaziandika. Yule dada aliyempa Klobuchar mpaka leo tukikutana anasema anadai kura yake.