Washa iliyozuia gari kuwaka

Siku moja kabla, gari lilikuwa likiwaka vizuri tu. Jambo hilo ningelikumbuka mapema, nisingepoteza asubuhi nzima nimeinama chini ya boneti.

Lilikuwa gari la mwaka 1968, silinda 4, la enzi za pointi (vidude viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana), kondensa na koili, vifaa vya kutengeneza cheche ya kuwashia petroli, bila kompyuta yoyote ya kusingizia. Nikapiga stata. Injini ikazunguka kwa nguvu lakini haikushika hata mara moja. Nikapiga tena na tena mpaka harufu ya petroli ikatanda, nikajiambia: hii ni kabureta. (Sisi wanagenzi tukishindwa hukimbilia kabureta, labda kwa kuwa linafunguka kirahisi.) Nikalifungua lote, nikapanga jeti na floti juu ya gazeti kama sonara.

Ndipo nikang'oa plagi. Zote nne zimelowa. Kumbe mafuta yalikuwa yakifika siku zote! Nikaichomeka moja kwenye waya wake, nikailaza juu ya chuma cha injini, mdogo wangu akapiga stata. Hakuna cheche. Nikafunga koili ya akiba. Hakuna. Betri nayo ikaanza kukoroma.

Mjomba akatukuta hapo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Limegoma?"

"Halitoi moto kabisa."

"Jana uligusa nini?"

"Sikugusa kitu. Nilifunga pointi mpya tu."

"Tu," akasema.

Alitoa mfukoni balbu ndogo ya volti 12 yenye waya mbili. Mmoja akaubana kwenye bodi ya gari, swichi ikafunguliwa, wa pili akaugusisha kwenye chanya ya koili. Balbu ikawaka. Akahamia upande wa pili wa koili, ule unaokwenda kwenye distributa, kile kikopo kinachobeba pointi na kugawa cheche kwa plagi, akaniambia niizungushe injini taratibu kwa spana. Balbu ilipaswa kuwaka pointi zikiachana na kuzimika zikigusana. Nilizungusha mizunguko miwili kamili, ikabaki giza.

Nikamwonyesha kwamba pointi zinafunguka, nimezipima mwenyewe kwa geji, milimita 0.4. Hakubisha. Akachomoa tu ule waya mwembamba wa distributa kwenye koili. Balbu ikawaka papo hapo.

"Umeona? Umeme unavuja kwenda bodi, na unavujia humu ndani."

Sikuwa nimewahi kulielewa jambo hili vizuri. Koili haitoi cheche kwa kupewa umeme, inaitoa kwa kukatiwa. Pointi zinapoachana, mkondo unakatika ghafla na koili inatema maelfu ya volti. Kwenye silinda 4, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hilo hutokea mara 100 kila sekunde. Umeme ukipata njia nyingine ya kufika bodini, pointi zifunguke zisifunguke, haukatiki.

Njia hiyo niliitengeneza mimi. Springi ya pointi na vile vichwa viwili vya waya, wa koili na wa kondensa, hukaa kwenye skrubu moja, vikitenganishwa na bodi kwa washa ya plastiki isiyozidi ukucha wa kidole kidogo. Mimi niliiweka juu ya vichwa vya waya badala ya chini yake. Ilikuwa imekaa pale, nyeupe, mpya, inang'aa, haikingi kitu.

Tukaipanga upya. Kabla ya kujaribu, mjomba aliniamuru nisogeze lile gazeti mbali, maana bado lilikuwa linanuka petroli. Waya mnene wa koili akauegesha karibu na chuma, akazitenganisha pointi kwa kijiti cha mbao. Ta! Cheche ya buluu ikaruka.

Nikashangilia, nikakimbilia usukani.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza, macho yake yakiwa kwenye jeti, floti na skrubu zilizotapakaa juu ya gazeti. "Na hili kabureta, lilikukosea nini?"