Moshi wa jenereta ndani ya kombi ya kulala: nilivyoumaliza

Mchana ufukweni Bagamoyo hatukuwa na shida: upepo unatoka baharini, moshi unakwenda zake. Usiku upepo wa umande ukianza kuvuma kutoka bara, moshi wa jenereta iliyofungwa nyuma ya kombi ulirudi chini ya sakafu na kupenya ndani. Fundi wa kuchomelea akanitengenezea bomba la chuma linalopanda hadi juu ya paa, na kipande cha kunyumbuka kwenye ekzosi ili mtetemo usivunje viungo. (Plastiki usiijaribu, inayeyuka.) Matundu ya nyaya sakafuni nikayaziba kwa silikoni. Harufu ikaisha. Ila kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo, haina harufu, kwa hiyo king'ora chake kiko karibu na kitanda, na tukilala jenereta inazimwa. Feni inatumia betri.